Daraja lenye paa Windsor: majani yametuponyoka, daraja limetungoja

Mama alipokuja kututembelea kutoka Moshi, New York hakuitaka. Alitaka kuona miti inayogeuka rangi. Basi wikiendi ya katikati ya Oktoba tukatoka Boston alfajiri, saa mbili na ushee tukawa Windsor, Vermont. (Kamusi huita majira haya vuli. Mimi hunikataa mdomoni; vuli ni mvua.)

Niseme ukweli: majani ni bahati nasibu. Mvua ya siku mbili nyuma ilishapukutisha nusu. Mimepo (miti ya maple) iliyobaki ilikuwa myekundu kama makaa, lakini kwa dola 260 za usiku mmoja, kwenye chumba ambacho hita yake ilikoroma hadi asubuhi, nilitegemea zaidi.

Kilichookoa safari ni daraja. Ni la mbao tupu, la mwaka 1866, mita zipatazo 137, linavuka mto Connecticut kwenda Cornish, New Hampshire. Juu ya mlango kuna kibao: pitisha farasi wako kwa mwendo wa kutembea, la sivyo faini dola mbili. Nikapunguza mwendo. Ndani giza likatumeza, mbao zikawa zinagonga chini ya matairi, du-du-du, na pembeni zimepishana kama ukili wa mkeka, mwanga unachungulia katikati.

"Daraja nalo limejengewa nyumba ya nini?" Mama akauliza.

Nikamweleza paa si la watu, ni la mbao: mvua na theluji zikizipiga kila mwaka, zinaoza mapema. Kichekesho ni kwamba zamani, wakati wa baridi, watu walibeba theluji kwa makoleo wakaimwaga humo ndani ili magari ya farasi ya kuteleza juu ya theluji, yasiyo na magurudumu, yapite. Mama alicheka hadi akavua miwani. Tukalivuka mara nne. Tozo ilifutwa 1943, kwa hiyo ni bure.

Taftsville, njia ya kwenda Woodstock, lipo jingine la 1836, lililoumizwa na mafuriko ya 2011 na kukarabatiwa. Zuri, ila watu wa picha walikuwa wamejaa, maegesho hakuna.

Nyota nne. Nendeni katikati ya wiki, mbebe sweta, na mpakue ramani mapema maana mtandao ulikuwa unakatika kila bonde. Mama amerudi na chupa mbili za sirapu ya mepo. Nilipomwambia mti wenyewe unagemwa kama mnazi, akaniuliza kama haulevyi.