Pua inaziba ukila: uache vyote au kimoja kimoja?

Wakishuku mzio wa chakula, wapo wanaoacha vyote kwa mpigo: pweza, kamba, karanga, maziwa, mayai. Nafuu huweza kuja upesi, lakini mkosaji hajulikani, na mtoto anabaki na wali mtupu.

Mie napendelea kuacha kimoja kwa wiki 2 hadi 4, kisha kukirudisha peke yake. Ni polepole, ila unapata jibu. Urojo hautakusaidia kupima: bakuli moja lina unga wa ngano, bajia za dengu, chatne ya nazi na pilipili, na pilipili yenyewe hutiririsha kamasi bila mzio wowote. Jodari aliyekaa juani naye huwasha mwili kwa histamini (kemikali inayoleta dalili kama za mzio), hata kwa asiye na mzio.

Midomo ikivimba au pumzi ikibana, usijaribu tena nyumbani, kimbilia hospitali.