Koha upande wa katalogi: nimeitumia miaka miwili, haya ndo niliyoyaona

Wengi wakiiongelea Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, wanaisifia kwenye kuazimisha, nani kachukua kitabu gani na anarudisha lini. Mimi naomba niongelee upande ambao msomaji hauoni kabisa, ule wa katalogi, pale unapokaa na kitabu mkononi unaingiza habari zake kwenye mfumo. Huko ndo nimekaa nayo miaka miwili sasa na kiukweli nimeipenda.

Kabla ya hapo tulikuwa na faili la Excel na kila aliyepita pale aliandika anavyojua mwenyewe. Mwandishi mmoja yuleyule utamkuta Abdalla, mstari mwingine Abdallah, mwingine Abdulla, kuna mahali jina la baba limetangulia, kuna mahali limewekwa nyuma, kwa hiyo msomaji anakuja anatafuta anapata vitabu viwili anaondoka akijua ndo hivohivo basi, kumbe vingine viko rafuni vimekaa hata vumbi havijafutwa. Hilo lilikuwa linaniuma sana sababu vitabu tunavyo, pesa ilishatoka, ila huyu anayevihitaji hajui kama vipo.

Kwenye Koha hilo linatibika kwa sehemu inayoitwa othoriti. Unachagua namna moja ya kuandika jina la mtu, unaifanya ndo rasmi, alafu zile namna nyingine zote unaziweka humohumo kama njia za kumfikia. Vitabu vyote vinaunganishwa na hilo jina moja, na ukija kugundua ulikosea unarekebisha sehemu moja tu, mabadiliko yanafuata kwenye rekodi zote zilizounganishwa. Ila angalia kitu kimoja, ili msomaji akiandika ile namna isiyo rasmi naye avipate, kuna kitufe kwenye mipangilio inabidi ukiwashe kwanza, chenyewe hakijawashwa, na ukishawasha inabidi faharasa, ile orodha ambayo mfumo unatumia kutafutia, ijengwe upya. Mimi nilihangaika siku mbili kabla sijalijua hilo.

Kinachowatisha wageni ni zile namba. Unafungua ukurasa wa kuingiza kitabu unakuta 020, 100, 245, 264, 300, 650, unajiuliza hapa nimekuja maktaba au wapi. Hiyo ni MARC, namna ya kuandika habari za kitabu ili kompyuta izisome, wala siyo kitu cha Koha peke yake, mfumo huu uliasisiwa miaka ya 1960 pale Library of Congress kule Marekani na mama mmoja anaitwa Henriette Avram, mtaalamu wa kompyuta ambaye hata hakuwa amesomea ukutubi. Wazo lake ni kwamba kila habari ikae kwenye namba yake, 245 ni jina la kitabu kwenye maktaba zote zinazotumia aina hii ya MARC (inaitwa MARC 21), 100 ni mwandishi, 650 ni mada, ili rekodi iliyoandikwa maktaba moja isomeke kwenye kompyuta ya maktaba nyingine bila mtu kuitafsiri. Ukishalielewa hilo zile namba zinaacha kutisha, mimi sa hivi nazisema bila kuangalia.

Na faida yake unaiona palepale, unaandika ISBN, ile namba ya kutambulisha toleo la kitabu, Koha inaenda kuuliza maktaba kubwa kwa njia ya Z39.50, utaratibu wa kompyuta za maktaba kuulizana rekodi, ndani ya sekunde chache rekodi nzima imekuja. Kitabu kilichokuwa kinakula nusu saa kinaisha dakika tano. Lakini usikubali tu kila kinachokuja jamani!! Toleo la jalada gumu na la jalada laini kila moja lina ISBN yake, kwa hiyo kurasa na mwaka vinaweza visiwe vya kitabu ulichoshika. Na kwa vitabu vyetu vya Kiswahili kuna mtego mwingine, pale 245 kuna tarakimu inayoiambia kompyuta iruke herufi ngapi wakati wa kupanga kwa alfabeti, kwa Kiingereza kitabu kikianza na "The" unaweka 4 ili neno hilo lirukwe pamoja na nafasi yake. Sisi hatuna neno la namna hiyo, kwetu ni 0 siku zote. Kuna mwenzangu alichukua rekodi ya Kiingereza akaifanya kiolezo, ile 4 ikabaki, basi vitabu vinavyoanza na "Maisha" vikawa vinapangwa kama vinaanza na "ha", tumekuja kushtuka vimeshafika arobaini.

Kitu kingine, rekodi ni moja na nakala ni nyingi. Mkiwa na nakala tano za toleo moja unaandika rekodi mara moja, chini yake unaongeza nakala tano kila moja na bakodi yake. Excel yetu ilikuwa na mistari mitano na yote inatofautiana.

Ambacho haifanyi ni kufikiri kwa niaba yako. Kuamua, kwa zile namba za Dewey za kupanga vitabu kwa mada, kitabu kiende 496.392 sababu kinaelezea lugha ya Kiswahili, au 896.392 sababu ni fasihi yenyewe, hiyo ni kazi ya aliyekifungua akakisoma. Alafu vile vitabu vya zamani kabla ISBN haijaanza hiyo miaka ya 1960 mwishoni, vingi inabidi uviandike kwa mkono mwanzo mpaka mwisho.

Programu ni bure, ilitengenezwa New Zealand, maktaba ya Horowhenua ikaanza kuitumia mwanzoni mwa 2000 sababu waliogopa mfumo wao wa zamani usingeweza kusoma tarehe za mwaka huo, na koha kwa Kimaori ni zawadi. Ila bure haimaanishi huna gharama, unahitaji seva na mtu anayeijua Linux, mfumo unaoendesha hiyo seva, na matoleo mapya yanatoka kila miezi sita, huyo mtu asiwe wa kuja siku moja akapotea.

Nyota nne na nusu kwangu. Ukianza leo, panga majina kwenye othoriti kabla hujafika hata kitabu cha kumi, punguza pia zile sehemu usizotumia kwenye fomu ya kuingizia. Mimi nilianza na vitabu majina nikasema nitayarudia, na mpaka leo kila Ijumaa mchana narudia majina.