Lori ya jeshi, PTO, na mzee wa jua kali mwenye alinikalisha siku nne

Jina la fundi silitaji, kwanza banda lenyewe halina hata kibao, na pili kuna mahali nitamlalamikia. Jua tu ni jua kali hapa Nakuru na kazi yake ni magari ya zamani yenye mafundi wengine wakiyaona wanasema "rudi kesho".

Lori ni Bedford MK ya mjomba, ile 4x4 ya jeshi la Uingereza, injini lita 5.4 silinda 6, na injini iko nyuma ya kiti cha dereva so kabini hailali kama za Isuzu, unafungua vifuniko nyuma ya milango ndio uingize mkono. Inabeba magogo Elburgon. Ama ilikuwa inabeba, kwa sababu vile serikali ilipiga marufuku kukata miti Februari 2018 ilisimama hapo kwa boma hadi kuku wakaanza kutaga chini ya viti. Marufuku iliondolewa Julai 2023 na pesa ikichelewa kama kawaida, sasa ndio tumepata winchi ya mitumba, ile mashine ya kuvuta magogo kwa waya, na PTO, kifaa cha kuipa winchi nguvu ya injini, ya kufunga ubavuni mwa gia boksi.

Kufunga PTO yenyewe si kazi kubwa. Ni kagia boksi kadogo, bolti na gasketi, kanachukua nguvu kwa gia boksi kubwa kanapelekea winchi kwa propela fupi, yaani shafti inayozunguka. Shida inaanza ukitaka kuiwasha na kuizima ukiwa umekaa kwa kiti, yaani leva, rodi, na vitu vyote vya hapo katikati. Fundi wa kwanza, huko kwetu, alituwekea kebo ya klachi ya bodaboda. Mimi nami nikakubali, bei ilikuwa tamu. Sasa kebo inajua kuvuta, kusukuma haijui. PTO iliingia vizuri sana, kutoka ikakataa, na sisi hatukujua, tukateremka hadi Njoro tukisikia tu kelele fulani tukadhani ni barabara. Tanboi ndiye alishuka kukojoa akaona propela ya winchi inazunguka yenyewe kama feni, grisi yote imerushwa kwa tanki ya mafuta. Bahati winchi ina doji klachi yake, ile ya meno ya kuunganisha na kuachanisha ngoma ya waya, na ilikuwa imeachanishwa, la sivyo ile waya ingetembea na mtu.

Kwa mzee sasa. Kitu cha kwanza kilinifurahisha ni vile hakukimbilia leva. Alitoa PTO yote akaangalia meno. Akanionyesha ile nafasi ya kati ya gia ya PTO na gia ya ndani, akasema inafaa iwe kama milimita 0.15 mpaka 0.30, ikibana sana italia ukiwa kwa barabara na ikilegea itagonga, na inarekebishwa kwa unene wa gasketi wala si kwa kumimina silikoni vile tulikuwa tumefanyiwa. Akakwangua silikoni yote na kisu huku anasonya.

Halafu akapima. PTO yetu kamkono kake kanatembea milimita 32 kutoka nje hadi ndani, na ndani kuna kampira ka chuma na springi kenye kanashika gia mahali pake, unakasikia "tak". Akasema, "Kijana wangu, hiyo tak ndio bosi. Leva ikifika mwisho wa tundu lake kabla ya tak, gia imeingia nusu, itaruka ukiwa na gogo mlimani." Akatengeneza ile pembe ya chuma ya kugeuza mwendo, akaitoboa mashimo matatu upande mmoja badala ya moja, ndio ukitaka mwendo mrefu ama mfupi unahamisha pini tu. Rodi akaikata nyuzi pande zote mbili na nati za kukaza, na boljointi, kiungo kinachogeuka kila upande, kila mwisho, za mitumba lakini ngumu.

Lakini hapa ndio nilijua huyu mzee si wa kawaida. Alikuwa ameshika ile pembe kwa sakafu ya kabini, kila kitu kinafanya kazi, mimi nikatoa simu nilipe. Akasema ngoja. Akamwambia tanboi apandishe gurudumu la mbele la kushoto juu ya jiwe la msingi, injini imewashwa, PTO iko ndani. Gari ikapanda, chesisi ikajipinda, na PTO ikatoka yenyewe bila mtu kugusa leva. Kabini imekaa kwa mipira, inacheza, chesisi nayo inaenda kwingine, so rodi inavutwa. Mzee hakuongea hata, akachukua grainda akakata kazi yake mwenyewe ya siku nzima, akahamisha pembe kwa chesisi karibu na gia boksi, leva ndani ikabaki na rodi ndefu inayoweza kucheza bila kuvuta. Tukapanda jiwe tena, mara nne. Ikatulia. Juu akaweka kachuma ka kulalia leva ndio isiingie ovyo ukiwa barabarani.

Lawama sasa. Aliniambia gari itakuwa tayari Jumanne jioni, nikatoka na gari Ijumaa saa mbili usiku, nililala kwa dada yangu usiku tatu na maswali ya shemeji nayajua mimi. Akishapata yako anachukua na za wengine watatu. Ukimwachia gari uende kwako atakusahau, kaa hapo ununue chai. Bei ilikuwa 6,500 ya mkono na 3,800 ya vyuma na boljointi, tulikuwa tumepatana 9,000 yote na hiyo 1,300 ya juu sikufurahia ingawa ile kazi aliyokata akarudia hakunidai.

Wiki ya tatu sasa Elburgon kwa matope, klachi chini kabisa, unahesabu hadi tano gia zitulie, unasukuma, tak. Nampa 4 kwa 5. Ile moja atapata siku ataleta mpira wa kufunika tundu la leva kwa sakafu vile aliahidi, saa hii nimelisokotea gunia na vumbi la Njoro bado linapanda kwa suruali.