Maktaba ya kupakia klasi iliyoniaibisha Kadutu

Bado nina hasira, kwa hiyo naanza na la moyoni: kama unaandika JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, kwa ajili ya watu wanaonunua mega za simu, usiguse maktaba yoyote (msimbo ulioandikwa na mwingine) inayojigamba kwamba itakuletea klasi, yaani kipande cha programu chenye jina lake, bila wewe kuiagiza, pale pale unapoandika new, neno la kuunda kitu kutoka klasi hiyo. Yoyote ile.

Ilikuwa majuzi, kwenye depo ya vinywaji hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Mama mwenye depo ni mteja wangu wa kwanza aliyenilipa bila kufuatwafuatwa; nilimtengenezea ukurasa wa kutoa fakture (ankara), nikatumia maktaba ya namna hiyo. Wanunuzi wamejaa mlangoni, vijana wa kubeba wameshainua kreti mabegani. Mama akabofya "Toa fakture". Kimya. Pembeni mwa ukurasa nilikuwa nimeweka saa ndogo ya kuhesabu sekunde, nayo ikasimama. Akabofya tena, na tena, kitufe hakikubadilika hata rangi. Akavuta droo, akatoa daftari la risiti na karatasi yake ya kaboni, akaanza kuandika kwa mkono. "Mwanangu, hii kitu yako inalala. Miye niko na watu." Hakunitazama. Afadhali angenitukana.

Usiku nilichomeka laptopu kwenye intaneti ya simu nikatazama faili zinavyoingia. Klasi ya Fakture ikaitwa. Ilipofika, ikaonekana inarithi kutoka Hati, basi Hati nayo ikaendewa. Hati inataka Mteja, Mteja anataka Anwani. Moja baada ya nyingine kama ngazi, kila moja ikisubiri safari nzima ya kwenda kwenye seva na kurudi. Na maktaba ile ilikuwa inazileta kwa XMLHttpRequest (njia ya JavaScript ya kuomba kitu kwenye seva) ya kusubiri, ile ambayo vivinjari vimeikemea miaka mingi, kwa sababu inafunga ukurasa wote mpaka jibu lije. Ndiyo maana hata saa ilikufa. Nyumbani sikuona kitu: seva ilikuwa ndani ya kompyuta ile ile.

Nilitoka kwenye PHP, lugha inayofanya kazi kwenye seva, ndiko nilikozoea raha hii. Unaipa amri yake ya spl_autoload_register maelekezo yako ya kutafuta faili, klasi ikikosekana PHP inaichukua kwenye diski, mambo yanaendelea. Lakini diski iko pale pale! Kivinjari cha Mama kinavuka mtandao mzima kutafuta faili moja. Tena new haijui kungoja: inataka klasi sasa hivi, kwa hiyo anayetaka kuileta kwa siri lazima asimamishe kila kitu. Hilo maelezo ya maktaba hayakulitaja popote. Yalisifia tu jinsi msimbo unavyokuwa mfupi.

Haya, niseme na haki yake. Kabla ya hapo nilikuwa nimerundika klasi zote katika faili moja, na asubuhi ukurasa ulichukua muda mrefu kufunguka huku ukila mega za Mama kwa ripoti anazozitazama mara moja kwa mwezi. Kuleta klasi inapohitajika ni wazo zuri, na silikatai. Tangu 2020 lugha yenyewe ina import() katika kiwango chake rasmi: inakupa ahadi (promise) kwamba klasi itakuja, unaandika await, yaani ngoja, na ukurasa unaendelea kupumua. Nimehamia huko. Fakture na wenzake naanza kuwaleta Mama anapochagua jina la mnunuzi, kabla kidole hakijafika kwenye kitufe.

Kwa hiyo nilivyosema mwanzo, "yoyote", pengine nimezidisha. Mwenye seva ndani ya ofisi yake hatateseka. Lakini nikikumbuka ile kaboni ikiwekwa chini ya karatasi, naona sikuzidisha hata kidogo. Fakture sasa inatoka vizuri, na daftari bado liko kando ya kibodi. Mama amekataa kulirudisha kwenye droo. Aliyeandika maktaba ile angeweka mstari mmoja tu juu kabisa, kwamba inasimamisha ukurasa, ningeipita siku ile ile.