Swichi ya taima kwa taa za nje: ulizia betri kwanza

"Mama Rehema, leo kuna shughuli kwako?" Jirani yangu hapa Goba aliniuliza hivyo saa tano asubuhi, jua la utosi, taa zangu nne za ukutani zinawaka zote. Shughuli hakuna. Kulikuwa na swichi ya taima niliyoinunua Kariakoo kwa 35,000, ile ya kisahani cha duara chenye vijino 96, kila kijino dakika 15. LUKU iliisha saa nne usiku, tokeni tukaingiza saa mbili asubuhi. Muda wote huo saa ya kile kidude ilikuwa imelala. Kwa hiyo jirani aliponisalimia saa tano, chenyewe kilikuwa kinahesabu saa saba usiku.

Ukienda dukani watakuimbia ampea. "Dada, hii ampea 25, haiungui!" Taa zangu ni za LED, wati 9 kila moja, jumla wati 36. Kwa volti 230 hazifiki hata robo ya ampea. Ampea 25 za nini, nachomelea geti?

Uliza hivi tu: umeme ukikatika, saa inaendelea kutembea? Taima nyingi za sahani za bei ya chini zinazungushwa na umeme uleule wa ukutani, ukikatika nazo zinasimama. Za kidijitali zina kibetri cha kuchajiwa ndani, mara nyingi kimechomelewa kabisa kwenye bodi, na hapo ndipo tunapopigwa. Boksi limekaa stoo miaka, kibetri kimekufa, lakini ukiwasha umeme kioo kinaonyesha namba vizuri tu. Utajua siku ya giza.

Namba moja kwangu ni Theben ya Ujerumani, na upendeleo wangu siufichi. TR 610 top3 ina betri ya lithiamu inayoishikilia saa mpaka miaka 10 bila umeme. Inakaa kwenye reli ya DB (lile boksi la kugawia umeme wa nyumba), au unaiwekea kiboksi chake kidogo ukutani kama nilivyofanya mimi. Ilinila karibu robo milioni, na duka la pili yake walitaka zaidi kwa kitu kilekile, boksi lilelile, eti "hii ndiyo orijino". Ukipenda za sahani, Theben wanazo pia, ila soma herufi: SYN haina akiba ya umeme, SUL inayo. Muuzaji atakwambia ni kitu kimoja. Si kimoja.

Toleo lenye kufuata machwo lenyewe usilipie. Hapa Dar jua halibadilishi muda wa kuzama hata kwa saa nzima mwaka mzima.

Namba mbili ni KG316T, ile ya kidijitali ya kufunga ukutani kwa skrubu, utaikuta chini ya majina kibao. Inafaa, kwa sharti moja: ichomekwe dukani ichaji kidogo, irekebishwe saa, ichomolewe dakika kumi, kisha uangalie kama bado inajua ni saa ngapi.

Sonoff, ile swichi ya Wi-Fi unayoipanga kwa simu, naiweka ya tatu. Saa yake inaichukua kwenye intaneti, sasa umeme ukirudi na raota haijapata mtandao, unangoja. Zile za sahani za bei chee nimeshazisema.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi afungue boksi la swichi lililopo. Taima hizi zinataka nyutro (waya wa kurudisha umeme), na nyumba zetu nyingi nyutro imeishia juu kwenye taa, swichini kuna laivu ya kuja na ya kwenda basi. Mimi ilibidi tuchimbe ukuta upya. Na simama naye akipanga saa, meni swichi ikisharudishwa. Wangu nilimwambia ziwake saa kumi na mbili jioni, akaandika 12:00. Ni 18:00!

Wiki iliyopita nilikuwa namnunulia dada yangu KG316T. Nikaomba ichomekwe tuijaribu. Kijana akanijibu, "Mteja, ukichomeka umeshanunua." Nikaiacha palepale mezani.