Uzoefu wangu na treni za masafa marefu za Amtrak: tatizo ni saa

Naipa huduma hii ya Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani, nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizopungua zimepotea kwenye ratiba, si kwenye behewa.

Treni za magharibi hutumia mabehewa ya ghorofa mbili yaitwayo Superliner, ya kwanza yakiwa ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Chumba kidogo cha watu wawili, wanachokiita Roomette, kina viti viwili vinavyotazamana. Usiku unavivuta vikutane viwe kitanda cha chini, na cha juu kinashushwa kutoka darini. Cha juu hakina dirisha. Kina mikanda ya kukuzuia usianguke. Ukipata chumba cha ghorofa ya chini, chukua: mtikisiko ni mdogo, na wapita njia ni wachache kwa kuwa njia ya kutoka behewa hadi behewa iko juu. Milo imo kwenye nauli ya chumba. Bei hupanda kadiri vyumba vinavyokwisha, hivyo kata tiketi mapema. Ukiwa unabadilisha treni, safari yote iwe kwenye tiketi moja, maana ukikosa ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, kampuni ndiyo itakayokupangia nyingine.

Sasa ratiba. Mtandao umefungwa kwenye fundo moja, Chicago. Treni za California Zephyr, Southwest Chief na Empire Builder zote huondoka hapo kuelekea magharibi kati ya saa nane na saa tisa na dakika chache alasiri. Kwa hiyo treni za kutoka mashariki hupangiwa kufika asubuhi, ili zibaki saa kadhaa za kufidia ucheleweshaji. Hesabu kurudi nyuma uone jimbo la Ohio, lililo mashariki ya Chicago, linaangukia wapi: mji wake wa Cleveland una njia mbili za masafa marefu, na treni zote nne, za kwenda na za kurudi, hupita kati ya saa saba usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Mwenye watoto wadogo atapandaje saa hizo? Kuisogeza treni hiyohiyo kutavunja maunganisho ya Chicago. Dawa ni treni ya pili kila siku, iliyopishana na ya kwanza kwa saa 12.

Cincinnati, mji mwingine wa Ohio, ina hali mbaya zaidi: treni yake, Cardinal, hupita usiku wa manane, tena mara tatu tu kwa wiki. Houston, mji wa nne kwa ukubwa nchini, nao unategemea treni ya Sunset Limited ya mara tatu kwa wiki. Hili linaniudhi kuliko yote. Vituo, karakana na ofisi hugharimiwa wiki nzima iwe treni imepita au haikupita, na abiria aliyekosa treni husubiri siku mbili au tatu. Oktoba 2020 njia nyingi za kila siku zilipunguzwa hadi mara tatu, zikarejeshwa 2021 kwa fedha za Bunge. Cardinal na Sunset Limited zilibaki zilivyokuwa tangu zamani.

Utafiti wa serikali kuu uliokamilika mwanzoni mwa 2025 ulipendekeza njia mpya 15. Naziunga mkono, hasa ile ya kurudisha treni Phoenix, mji uliopoteza treni yake 1996 na ambao sasa kituo chake cha karibu ni Maricopa. Lakini hesabuni mabehewa kwanza. Zephyr huondoka Chicago siku ya 1, hufika California siku ya 3, hugeuka siku ya 4, hurudi siku ya 6, na huwa tayari kuondoka tena siku ya 7. Hizo ni seti sita kamili za mabehewa kwa njia moja, kabla ya mabehewa ya akiba.

Halafu kuna reli yenyewe, ambayo sehemu kubwa ni mali ya kampuni za mizigo. Tangu 1973 sheria inaipa treni ya abiria kipaumbele. Ila treni ya mizigo ya kilomita 3 haienei kwenye njia ya kupishana, yaani kipande cha reli ya pembeni, ya kilomita 2, hivyo ya abiria ndiyo inayoingia pembeni na kusubiri, sheria iseme isemavyo. Kwa hiyo ningeanza kutumia fedha kurefusha njia za kupishana kwenye reli ya Sunset Limited, kisha treni hiyo iende kila siku, kisha Cardinal, kisha treni ya mchana ya Cleveland. Ramani mpya ingefuata baada ya hapo.