Oili ya gia boksi ya otomatiki: fundi alinicheka, nikaingia uvunguni mwenyewe

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Miezi kadhaa iliyopita nilipeleka pikapu yangu ya otomatiki gereji moja hapa Dar, jina naliacha, ikabadilishwe oili ya gia boksi. Asubuhi ilikuwa inachelewa kushika D, ile gia ya kwenda mbele, halafu inashtuka kama imepigwa teke.

Fundi akaja na ndoo. Ndoo ya lita 20, haina lebo wala mfuniko, ndani mna kitu chekundu.

"Fundi, hiyo ni ATF gani?" Yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, aina gani.

"Haidroliki, bosi. Haidroliki ni haidroliki."

Nikamwambia kitabu cha gari kinataka ATF aina ya WS ya Toyota, ambayo ni nyepesi kuliko hizi za aina ya Dexron III tulizozizoea. Akawageukia vijana wake: "Huyu kasoma mtandaoni." Gereji nzima ikaangua kicheko. Mimi nimesimama pale na viatu vya ofisini, nusu ya hela nimeshalipa. Ndoo ikamiminwa.

Wiki chache baadaye nikaona doa jekundu sakafuni. Nikaapa sirudi. Nikanunua WS Kariakoo, filta na gasketi ya sampo, ile trei ya oili chini ya gia boksi, nikaazima jeki na stendi kwa jirani.

Kazi yenyewe haina miujiza. Ukimwaga inatoka kama lita 3 tu, nyingine imebaki kwenye tokokonveta, ile sehemu inayounganisha injini na gia boksi, kwa hiyo ukitaka kuondoa uchafu wa ile ndoo unarudia na kurudia. Ukishusha sampo unakuta sumaku zimevaa unga mweusi laini. Huo usikutishe. Vipande vya chuma ndiyo msiba. Mimi nilikuta unga, nikakaa nausugua kwa vidole kwa raha ambayo mke wangu hakuielewa kabisa. Boliti za sampo ni ndogo, za spana namba 10, zinataka kukazwa kwa adabu. Yule bwana alizikaza kama anafunga tairi la lori. Meno ya tundu moja yamekufa. Doa langu lilitoka hapo!

Ningeishia hapa ningewaambia jifanyieni wenyewe, mafundi ni wahuni.

Lakini nilimwaga oili kabla ya kugusa nati ya kujazia. Anayejua kazi anaanza na hiyo ya kujazia. Mimi nilianza na ya chini kwa sababu ilikuwa karibu na mkono. Ya juu ikagoma. Nikapulizia dawa ya kutu, nikarefusha mpini wa spana kwa bomba, pembe za nati zikaanza kuliwa. Gari halina oili, halisogei hata kufika getini, jua linazama, na namba pekee ya fundi niliyokuwa nayo kwenye simu ni ya yule yule.

Alikuja na bodaboda. Akaigonga nati kwa nyundo, taratibu, akaisukuma kidogo upande wa kukaza, kisha ndipo akailegeza. Dakika 10. Hakucheka. "Pole, mkubwa," akaomba maji ya kunywa. Sasa mtu mwenye mikono kama ile, kwa nini ile ndoo? Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kuliko hata kicheko.

Pikapu hii haina kijiti cha kupimia. Injini inanguruma, unasubiri oili ifike nyuzi 40 na ushee, unafungua nati ya kupimia. Ikichuruzika unaiacha, ikibaki matone unafunga. Joto nililisoma kwenye simu, kwa kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani. Fundi alitaka kupima injini ikiwa imezimwa. Nikamwonyesha simu. Akainama akaitazama muda mrefu, hakusema kitu.

D inashika vizuri sasa. Tundu lile lililokufa bado linatoa tone moja moja, kila asubuhi naangalia boksi nililotandika chini. Je, ujifanyie? Kama nati ya kujazia imekubali kufunguka, labda. Jana sijui juzi fundi amenitumia ujumbe, anauliza ile WS niliipata duka gani. Sijamjibu.